Kabla Kuta Hazijafungwa

Jumatatu Lyle anakuja na mbao za jasi.
Mpaka hapo nyumba iko uchi, mbavu nje,
na tunatakiwa kusema: mabomba ya kufyonzea vumbi, au basi.

Bohdan amepiga hesabu nyuma ya risiti ya mbegu:
dola elfu mbili na mia nne,
matundu matano, mota chini kando ya tanuri,
vumbi lote la Yorkton likimezwa na ukuta
kimya, asema, kama mkwe anayemeza tusi.

Mimi namkumbuka mama na mashine yake ya kijani,
akiiburuta ngazi kwa ngazi kama mbuzi mbishi,
kila pembe ya mlango imechubuka.
Mgongo wake haukunyooka tena.
Lakini pia najua mrija wa mita tisa:
nani ataubeba? Ataukunja, auweke wapi?
Na siku Danylo atakapofyonza soksi,
tutampasulia nani ukuta?

“Tutazeekea humu,” asema Bohdan.
Ndilo linalonitisha, si bei.

Upepo unapita katikati ya nguzo.
Vumbi la ngano limeshaingia, halikungoja mwaliko,
limekaa juu ya kofia aliyoisahau Lyle.

Nimesema: tia mabomba. Mota bado.
Nyumba iwe na koo, mapafu yatafuata
mwaka mavuno yatakapokubali.

Bohdan amecheka, amechukua penseli,
amechora duara kwenye nguzo, usawa wa goti langu.
Nami nimeanza kufagia.