Kona ya Shekue

Jumanne usiku, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
juu ya duka la kamba za mkonge,
tunakaa wanane mbele ya kompyuta tano
kugawana ardhi isiyopata mvua.

Mji wetu unaitwa Tuone.
Umo ndani ya seva ambayo sijui iko nchi gani,
lakini una baraza, una katiba ya kurasa nne,
una mweka hazina, Mwanasha, mkali kuliko benki.
Kifungu cha kwanza alikiandika Semboja kwa mzaha,
kikabaki hivyo hivyo:
mgeni waja leo, warudi leo;
ukitaka kulala, jenga.

Wakajenga. Ndiyo shida yetu.
Wamejenga hadi ukingo wa bahari ya kuchora,
na Riziki wa Muheza kaweka paa juu ya paa la mwenzake,
kesi imefika barazani mara tatu.

Sasa tunanunua bahari.
Elfu thelathini na sita kipande, kila mwezi;
tukichanga, saa sita usiku maji yanageuka kiwanja,
kimya,
bila greda, bila kifusi, bila mtu wa kulipwa fidia.

Katibu wa ardhi ni mimi.
Mimi, Mwanamkuu binti Hizza, mpangaji wa chumba kimoja Makorora,
choo kimoja kaya nne;
mimi ambaye mama yangu ana faili la kiwanja ofisini
tangu sijaota meno ya pili.
"Njoo Alhamisi, mama."
Akaenda Alhamisi, mpaka Alhamisi zenyewe zikamchoka.
Usiku napima viwanja kwa kipanya.
Nasimika bikoni, inasimama.
Hakuna anayeing'oa alfajiri.

Kihiyo ndiye aliyeleta mchoro:
barabara kuu itoke sokoni, inyooke,
ifike ardhi mpya bila kupepesa.
Mstari mwekundu, safi.
Ukapita katikati ya sebule ya Shekue.

Shekue tulimzika Pongwe, mfungo uliopita, siku ya tope.
Ndugu zake wakatutazama, watu wanane wasiowajua tunalia:
"Mlijuana naye wapi?"
Semboja akajibu, "Sisi majirani zake."
Nyumba yake ya Tuone bado inawasha taa kila magharibi.
Aliipanga hivyo mwenyewe.
Haijaambiwa.

"Mji si makaburi," alisema Kihiyo,
naye hakusema kwa ubaya, sauti ilimkwama.
"Kifungu cha tisa: asiyelipa miezi mitatu,
kiwanja kinarudi kwa baraza."
Tukapiga kura. Nne, nne.
Chai ikapoa.
Chini, mtu alikuwa akiburuta baiskeli iliyotoka mnyororo,
krr, krr, mpaka akaishia kwenye kichochoro.

Mwanasha akafungua daftari lake, la karatasi,
maana hesabu za mtandaoni haziamini.
Akalamba kidole, akafunua.
"Mkazi namba saba. Amelipa. Hadi Desemba."
"Nani kalipa?"
"Kifungu hakiulizi nani."
Akalifunga.
Kihiyo akaangalia viatu vyake muda mrefu,
na hapo wengine tukaacha kuuliza.

Nikaushika ule mstari mwekundu, nikauvuta kando.
Barabara ikapinda kama mtu anayepisha mgonjwa mlangoni.
Kona ikala viwanja viwili, kumi na saba na kumi na nane.
Cha kumi na nane nilikuwa nimekiandika jina, kwa penseli.
Penseli inafutika.

Umeme ukakatika hapo hapo.
Gizani Riziki akauliza, "Ulihifadhi?"
"Nimehifadhi."
Tukashuka ngazi kwa kupapasa, harufu ya mkonge puani,
kila mmoja akitafuta baiskeli yake kwa kuigusa kengele.
Makorora nzima giza.

Huko seva iliko hakuna mgawo.
Kwa Shekue kunawaka.