Damu Nyepesi

Sindano ilikuwa Jumanne, jibu Jumanne iliyofuata.
Katikati nilikoroga maziwa ya kondoo kama siku zote
kiwandani Macomer, kofia ya nailoni,
mikono chumvini hadi viwikoni,
na kila nilipoinua gurudumu la jibini
kifua kiliniambia: keti.

Keti. Kiliniambia hivyo tangu utotoni.
Mama akaniita mvivu.
Daktari wa zamani akaniita mpungufu wa chuma,
akanimezesha vidonge miaka mitatu
hadi kinywa kikawa na ladha ya funguo.
Kumbe chuma hakikupungua.
Ni vyombo vya damu yangu, chembe kwa chembe,
vilivyofinyangwa vidogo.

Oristano, chumba cha tatu kushoto.
Muuguzi Pinuccia Loddo alikuwa na miwani mbili,
moja puani, moja utosini.
Akachora miraba minne nyuma ya kalenda ya duka la rangi.
"Wewe ni mbebaji."

Nikatazama mikono. Mkoba nilikuwa nimeuweka sakafuni.
Mbebaji wa nini?
Punda hubeba, mjamzito hubeba,
na kila abebaye hukumbuka alipojitwisha.
Mimi nilitwishwa kabla sijaota bega.

"Si ugonjwa," akasema. "Utazeeka nayo.
Ila kama na huyo Gavino wako anayo..."
Akautia wino mraba mmoja kati ya ile minne,
polepole, pembe hadi pembe,
kama mtu apakaye ukuta wa nyumba atakayohamia.

Nyumbani, juu ya jokofu, ipo picha ya Antioca,
dada yake baba. Miaka sita. Kofia ya sufu,
paji limetokeza, uso rangi ya nta.
Tuliambiwa alikufa kwa baridi.
Kila Novemba mimi ndiye niliyempangusa vumbi.

Nilimwekea baba karatasi kando ya kisu cha mkate.
Akaisoma kama asomavyo bili ya umeme, kuanzia chini.
"Kwetu hakuna damu mbaya."
Akakata mkate ambao hakuna aliyeuomba.
Akakata mwingine.
"Walikuwa wakimtia damu Cagliari, kila mwezi.
Halafu nauli ikaisha."

Hivyo tu. Nauli.

Bondeni, kabla vinamasi havijakaushwa,
mbu waliwahesabu watu usiku, nyumba kwa nyumba.
Waliobaki asubuhi ni wale
ambao damu yao haikuwa karamu.
Basi kilichomuua Antioca
ndicho kilichomwachia uhai bibi wa bibi yake,
akazaa, tukafika hapa, jokofu linanguruma.
Sijui nikishukuru au nikilaani.

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu.
Hawajaiona yangu kwenye bomba la kioo.

Pacha wangu Efisio naye amepima. Hana.
Tumbo moja, usiku mmoja, ndui wa kuku mmoja,
na sarafu ikaangukia upande mwingine.
Amenipigia kutoka Torino kuniomba radhi
kana kwamba aliniwahi kiti kwenye treni.
Nikamwambia, mpumbavu wewe, kula.
Sijui kwa nini nilisema kula.

Gavino yuko Montiferru na kundi; sindano yake ni Alhamisi.
Jana usiku alipiga simu. Hakuuliza, sikusema.
Upepo ulikuwa ukipita kati ya maneno.
Kondoo mmoja amezaa watatu, akasema,
na wa mwisho hawezi kusimama,
amemtia ndani ya koti, kifuani.

Nikauliza: ananyonya?
Akasema: ananyonya.

Nikauliza tena.