Koti la Kiwandani

Saa nane usiku, Mafinga.
Ukungu umekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga
nami nahesabu pumzi za Lusungu:
moja inapita, ya pili inakwama,
ya tatu inatafuta mlango mdomoni.
Ana miaka mitatu na anakoroma kama mlinzi wa zamu.

Makamasi haya yalianza na baridi ya Juni.
Tukasema, Juni ni Juni.
Julai tukasema, upepo.
Agosti mama akapiga simu kutoka Ilembula:
"Mtoto mnamvua kofia."
Septemba imefika, vumbi limeamka,
kofia iko kichwani,
na pua imeziba na bado inavuja,
kitendawili ambacho sijasikia mtu akikitega.

Tumejaribu.
Mvuke wa majani ya mkaratusi:
tulitoka chini ya khanga wote watatu, macho mekundu,
pua yake ileile.
Maji ya chumvi: alinipiga teke la mdomo.
Mama Odilia wa nyumba ya pili
akaleta vitunguu saumu kwenye kitambaa, tuviweke chini ya mto.
Nyumba nzima ikanuka pilau, bila pilau.
Chupa ya dawa ya pinki, ya kwanza, ya pili.
Ya tatu mwenye duka aliitoa kabla sijafungua kinywa.

Jana tabibu, binti mdogo, kalamu yake imefungwa plasta,
hakuwa na haraka ya kuandika.
Akamulika puani. Akatazama weusi chini ya macho,
na ule mkunjo juu ya pua anaoupata mtoto
kwa kujifuta na kiganja, kwenda juu, kwenda juu, kutwa.
"Inaweza kuwa mzio," akasema. "Inaweza.
Mnapikia nini? Mnalalia nini? Kuku wanalala wapi?"
Vumilia akajibu yote: mkaa, mto wa sufi, jikoni.
Kisha akanigeukia.
"Na wewe, baba, kazi?"

Napasua mbao.
Mipaina, mwaka wa sita huu,
maranda hadi ndani ya soksi.
Na kila jioni nikifika,
Lusungu hukimbia peku,
huingiza uso wote ndani ya koti langu
na kuvuta,
kuvuta kama anayekunywa.
"Baba unanukia mti."
Nilikuwa najivunia hilo.

Tabibu hakusema ni mimi.
Aliandika matone, akaandika tarehe ya kurudi,
akasema tuanze na koti, halafu mto, halafu tuone.
Tuone: kwa sasa ndilo jina la ugonjwa.

Leo koti nimeliacha kwenye msumari nyuma ya choo.
Nimejimwagia ndoo ya maji, baridi hii ya kuuma meno,
na Lusungu yuko mlangoni, mikono ameinyoosha,
nami nasema ngoja, mwanangu, ngoja kidogo,
naye haelewi neno ngoja linafanya nini
kati yake na baba yake.
Nilipomnyanyua alininusa shingoni.
Akanusa tena.
"Sabuni," akasema,
kama mtu aliyepunjwa dukani.

Saa tisa sasa.
Vumilia amemlaza juu ya khanga zilizokunjwa,
mwenyewe kasinzia ameketi, chupa ya matone mkononi.
Pumzi moja inapita. Ya pili inapita.
Ya tatu (nanyanyua kichwa)
inakwama, inapiga filimbi ndogo, inapita.
Sijui kama ni koti, au matone,
au usiku tu umemhurumia.
Nje mipaina inamwaga unga wake wa manjano
juu ya bati, juu ya kamba ya nguo,
juu ya kofia aliyoisahau uani,
na mimi siwezi kuuvua msitu mzima
nikautundika msumarini.