Toleo la Tisa

Kimekuja na basi la asubuhi, kimefungwa karatasi ya kaki,
kizito kama tofali la kuchoma.
Nimekilipia kwa malipo ya pili ya korosho.
Mke wangu hajaambiwa bei.
Radi, Mlinzi wa Bonde: matoleo yote thelathini na moja,
jalada gumu, utepe wa kushika ukurasa,
na mgongoni jina la mtu mmoja tu, R. Nampombe.

Nachingwea ile, Radi alitujia vipande vipande,
kurasa kumi na sita kwa mwezi, mwezi ukipenda.
Chilumba alimwanika kwa vibanio vya nguo
baina ya betri na viberiti,
nasi tukachanga: sumni yangu, sumni ya Mkwemba,
shilingi nzima ya Somoe.
Na kwa kuwa shilingi ni shilingi,
Somoe ndiye aliyekaa upande wa kitabu,
sisi tukakaa ng'ambo.
Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma: kichwa chini, miguu juu.
Radi akipaa, mimi namwona anazama.

Wino mwekundu haukukaa ndani ya mistari.
Joho lake lilikuwa na pindo mbili,
moja mwilini, moja hewani,
tukaamini ile ndiyo kasi.
Humu wamesafisha. Kila rangi imerudishwa kwao,
na Radi, maskini, amesimama tu.

Ukisoma mwezi kwa mwezi, unamfuata shujaa.
Ukisoma kwa mkupuo, koroboi pembeni,
unaanza kumwona aliyekaa mezani.
Huyu Nampombe anapenda mvua.
Kila adui wake ana karani, na kila karani ana kikohozi.
Toleo la ishirini na mbili Radi hapigani na mtu:
kurasa nne yuko kwenye benchi la zahanati,
joho kalikunja mapajani, chupa ya chai mkononi,
anasubiri jina liitwe. Si lake.
Zamani tulilirudisha kwa Chilumba, tukadai fedha zetu.
Jana nimelisoma mara tatu.

Lakini la tisa.

Masika yale mto ulikula barabara,
pantoni la Ndundu likalala upande wa pili,
na la tisa halikufika. Likafika la kumi.
Katika la nane tulimwacha kisimani,
minyororo miguuni, maji kidevuni.
Katika la kumi yuko juu ya paa la banda la karanga
anatafuna muhogo, mkono wa kushoto una bandeji.
Katokaje?
Chilumba hakujua. Mwalimu wa darasa la tano hakujua.
Somoe alijua.

Alisema: wanawake walikuja kuchota alfajiri
wakamsikia anahesabu mawe ya kisima kwa sauti,
kwa sababu kuomba msaada aliona haya.
Wakafunga kanga kwa kanga, kumi na tisa,
moja ikachanika karibu na ukingo; ndiyo bandeji ile.
Kisha wakaapizana wasimwambie mtu.
"Ndiyo maana toleo hamna," akasema Somoe.
"Wale hawakusema. Sasa Nampombe angejulia wapi?"

Leo mchana nimempelekea, pale chama cha msingi,
ambako yeye ndiye mpimaji wa ufuta.
Akafuta mikono, akavaa miwani.
Nikakiweka kitabu mbele yake, nikakaa ng'ambo,
hata sikufikiri, miguu ilinipeleka yenyewe.
Akalamba kidole, akafungua la tisa.
Minyororo ilikuwa na kutu.
Ndiyo basi. Kurasa kumi na sita: kutu,
umeme mmoja wa mbinguni, na karani anayekohoa.

Akasoma mpaka mwisho, kwa adabu, kama anayesoma barua ya mgeni.
Akakifunga. Akakibeba kwa mikono miwili,
akakiweka juu ya mizani,
akangoja mshale utulie.

"Kilo mbili na nusu," akasema,
"na ndani yake hamna kanga hata moja."