Ukikanyaga au Ukiachia?

"Zima redio," Mutheu ananiambia,
"vioo vyote teremsha."
Tunatoka Grogani mwendo wa konokono,
sikio lake nje ya dirisha.

"Linalia ukikanyaga, au ukiachia?"
Sijui. Wiki tatu nimekuwa nikiongeza sauti ya redio.
"Kanyaga."
Kiiii.
"Achia."
Kiiii ileile, haijali mguu wangu,
mpaka muuza ndizi wa Ngara anakunja uso.

"Pedi zikiisha, breki ndiyo hulia.
Bearingi hunguruma, haipigi mluzi,
nayo huzidi ukikata kona.
Hili lako lina neno jingine."

Jeki. Spana. Anazungusha gurudumu kwa mkono:
krr, likifika palepale, krr.
Anachomeka bisibisi nyuma ya diski,
analipinda kidogo bamba la vumbi,
na kijiwe kinadondoka kiganjani mwake,
chekundu, kidogo kuliko punje ya mahindi,
upande mmoja kimesuguka hadi kung'aa.

"Umepita murramu wapi, wewe?"

Mimi ni wa lami: South B, mjini, South B.
Mara moja tu,
nyuma ya gari la maiti, mvua imenyesha,
siku tulipomrudisha baba Ugenya.

"Pesa ngapi?"
"Ya chai tu. Sijabadilisha kitu."

Jioni, foleni ya Mombasa Road, gari kimya.
Kijiwe kimo kwenye kisahani cha sarafu.
Nakanyaga. Naachia.
Nawasha redio,
kisha naizima,
nasikiliza.