Ukoko

Maji tunayanunua.
Nyamawi huyaleta kwa mkokoteni,
mitungi ishirini ya manjano, shilingi thelathini kila mmoja,
hadi nyuma ya shule, hapa Mtongwe, penye shimo letu
lenye kina cha mtu mzima na nusu.
Siku ya kwanza alituona tukiyamimina pipani
juu ya karai la udongo. Akashika kiuno:
“Likoni nzima inalia maji,
nyinyi mnaogesha mchanga?”

Sikuwa na jibu la kumtosha.
Nilimwonyesha tu: udongo unazama,
mawe yanazama, makome yanazama,
kisha, polepole, vijipande vyeusi vinapanda juu
kama watu wanaoitwa majina.
Nikavikinga kwa kipande cha chandarua,
nikavifunga fundo, nikavianika kivulini
baina ya soksi za Tuva na kanga yangu.
Juani vingepasuka.

Mchana, katika darasa la kuazima,
navichambua chini ya hadubini kwa brashi ya nywele tatu.
Mkaa. Mkaa. Mzizi wa juzi. Mkaa.
Haba na haba, walisema;
miezi mitano ya haba
haijajaza kibaba, haijajaza kastabini.

Ili kumjua wa kale, sharti umuunguze wa leo.
Basi Jumamosi niko Kongowea kwa Mejumaa:
kibaba cha mtama, cha mawele, cha wimbi.
“Kuna shughuli?”
“La. Nakwenda kuviunguza.”
Akanitazama kama atazamwavyo mgonjwa,
akanizidishia konzi moja ya wimbi, bure.

Nikaunguza. Majirani wakafunga madirisha.
Punje ya wimbi hata ikiungua
haiachi ngozi yake ya vipele.
Nikaiweka kando ya ile ya tabaka la saba,
iliyoninyima usingizi wiki mbili.
Si wimbi.
Sikio langu lilikwisha kuupenda mchezo ule,
wimbi lililopanda juu ya wimbi,
lakini hadubini haina sikio.
Ni nyasi ya mwituni, laini, nyembamba.
Mejumaa angeipepeta, ikaenda na makapi.

Lakini iliungua. Na ziko mia mbili kama hiyo,
zimekusanyika kando ya mawe matatu.
Basi mtu aliinama, akazipukusa punje kwa punje
kabla ya jembe, kabla ya chungu,
akazikaanga juu ya jiwe,
na kitu kikamwita:
mtoto, nyoka, mvua, kicheko.
Aliporudi zilikuwa nyeusi.

Huenda alitukanwa. Huenda walilala njaa.
Vyote alivyoviivisha vizuri vililiwa,
havipo.
Kilichotufikia ni siku moja aliyozembea,
ukoko.

Nilimweleza Nyamawi hayo akishusha mitungi.
Hakucheka. Aliomba kuona.
Akaweka jicho kwenye kioo, akakaa hivyo
mpaka Tuva akaanza kukohoa.
“Sasa huyu mama…”
“Hatujui kama ni mama.”
“Haya, huyu mtu. Aliitwa na nini?”
“Hatujui.”
Akahesabu pesa zake, akanirudishia thelathini.
“Mtungi mmoja ni wangu,” akasema. “Tafuteni.”