Bolti ya Nne

Taa nne zimefika kutoka mpakani.
Siku kumi na moja zilikaa Kasumbalesa
kama abiria waliokosa karatasi.
Mimi Kapya, mtunza ghala, nazipanga mezani,
nazipangusa vumbi jekundu, nasoma vibati vyao.

Ya kwanza ina alama ya pembe sita,
na ndani yake herufi mbili zimebanana: ya Ulaya.
Ya pili ina maandishi ya Kichina;
Bwana Shen akipita huigusa bega
kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.
Ya tatu ni ya Amerika. Haijui kanda,
inajua madaraja na migawanyo.
Ya nne imezunguka kwa njia ya Afrika Kusini
ikagongwa mihuri
mpaka rangi ya chuma huioni.

Madamu Kalenga wa bima akavaa miwani.
"Ya pembe sita ipite. Hizi zirudi."
"Zirudi wapi?" Bwana Shen akauliza.
"Kwetu zinawaka chini ya ardhi, watu wanatoka hai."
Simu ikapigwa Johannesburg, ikapigwa Liège,
salio langu likaisha katikati ya neno.

Nilijifunza jambo siku ile:
kwa Mmarekani, kundi A ndilo gesi kali kupita zote;
kwa wale wengine A ni mpole, ukali uko kwa C.
Alfabeti ileile niliyochapwa nayo fimbo na masista
kumbe ina nchi inapotembea kinyumenyume.

Huko nyuma ya ukuta, kwenye mabirika
ambamo shaba inatenganishwa na tope lake,
mafuta yalikuwa yanapumua.
Jua la Oktoba, bati linalia.
Hayakualikwa kikaoni.

Mwepu fundi umeme, mwenye sikio moja lililoungua
(hasemi liliunguaje, nasi hatuulizi),
akaikokota ile ya mihuri mingi,
akaingiza ubapa mwembamba kama ganda la kitunguu
penye kifuniko, pale moto ukizaliwa ndani
unapaswa kupoa kabla haujaona mlango.
Ubapa ukapita. Ukapita wote.

Bolti tatu.
Ya nne haipo, mahali pake pamesokotwa waya.
Forodhani waliifungua kutafuta magendo,
wakaifunga walivyoweza,
wakagonga muhuri.

Hakuna aliyedanganya. Vyeti vyote ni vya kweli,
cha Ulaya, cha China, hata hicho cha mihuri.
Madamu akavua miwani, akaifuta kwa kitenge,
akaivaa tena, hakuandika kitu.
Mwepu akaniambia: "Nitafutie bolti.
Si ya kufanana. Yenyewe."

Nimetafuta mpaka king'ora cha saa kumi na moja.

Nyumbani Katuba umeme umekatika tangu juzi.
Bukari imepoa chini ya sahani.
Binti yangu Kyalwe anaandika herufi daftarini,
amelala kifudifudi karibu na kibatari
cha kopo la nyanya, utambi wa shati langu la zamani,
mafuta ndugu wa yale ya kiwandani.
Nikachuchumaa, nikakizungusha taratibu.
"Baba, unatafuta nini?"
"Nahesabu," nikasema,
nikakisogeza mbali kidogo na nywele zake.